Nimemaliza umeme chuo cha wananchi: wayaringi Dodoma mjini, karakana Kibaigwa, au nisubiri ajira?

Kijana_Mpwapwa
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 22, nimemaliza umeme chuo cha maendeleo ya wananchi huku Mpwapwa. Nafunga umeme wa nyumba, natengeneza pasi, feni na majiko. Binamu yangu Dodoma mjini ananiita tukafunge nyumba. Kibaigwa kuna mzee anasuka mota, yaani anazirudishia waya mpya wa shaba zikiungua, amekubali kunipokea, ila miezi ya kwanza ni chakula na pa kulala tu. Baba anataka nitulie nyumbani nitume maombi serikalini. Akiba yangu ni laki tatu. Niende wapi?

Fundi_Nkuhungu
Mdogo wangu, hongera. Mjini kazi ipo. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, Ihumwa, Nala na Mtumba watu wanajenga mfululizo. Ila mteja haunganishiwi umeme na TANESCO bila fomu ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muulize binamu yako: leseni ni yake, au anaazima mhuri wa mtu?

Nauliza kwa uchungu. Nyumba ya vyumba sita nilitindua kuta, nikazika mabomba, nikapitisha waya zote. Mwenye mhuri akalipwa, akaacha kupokea simu zangu. Nikaapa kupata leseni yangu. Yapo madaraja A, B, C, D na W. A ndiyo ya kazi kubwa, sisi tunaanzia chini.

Ukija, jifunze ethi vizuri, ile fimbo na waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini. Udongo wa Dodoma kiangazi ni mkavu mno. Fimbo ukiipima masika inakupa jibu zuri, Septemba inakuangusha. Chimba mpaka ukute unyevu.

Koili_Kibaigwa
Kaka Nkuhungu kasema kweli kuhusu mhuri. Mimi nitetee mota.

Hapa kuna soko la mahindi, mashine za kusaga na za kukamua alizeti. Kuanzia Mei alizeti ikiingia, mashine ikizima mwenye nayo analala mlangoni kwako. Jana nimefungua mota iliyoletwa usiku: makundi mawili ya koili meusi tii, la tatu linang'aa kama jipya. Mota ilikuwa ya fezi tatu, koili zake zimeungwa kwa nyota (star), fezi moja ilikatika, ikaendelea kunguruma huku fezi mbili zilizobaki zikivuta umeme kupita kiasi mpaka shaba ikaungua. Fundi asiyejua kusoma weusi huo anasuka upya na kurudisha, wiki ya pili imeungua tena, kwa sababu hakuangalia kontakta, swichi inayowasha mota, wala ovaloodi, kifaa cha kuizima ikizidiwa.

Kabla hujakata koili, hesabu mizunguko, pima unene wa waya kwa maikromita, andika koili inatoka tundu lipi inaingia lipi. Ukikosea hapo umeharibu shaba ya mwenyewe, na shaba ni ghali. Chuoni mlisuka mota ngapi? Sisi tulisuka moja, darasa zima. Ndiyo maana karakana ni darasa la pili.

Fundi_Nkuhungu
Sawa kaka, lakini kijana afanye kazi bila mshahara hadi lini? Mzee akipenda anaweza kumweka mwaka mzima akifagia na kupaka vanishi.

Koili_Kibaigwa
Hapo uko sahihi, sibishi. Mdogo wangu, kabla hujahamia kaeni na mzee, baba yako awepo, muandike: miezi mitatu ya kujifunza, na mota ya kwanza utakayosuka mwenyewe ikitoka na kufanya kazi, kuanzia hapo analipa kwa kila mota. Akikataa kuandika, usiende.

Dada_Friji_Makole
Naongeza la nne: friji. Mimi ni mwanamke, nilianza kwa kubadilisha temostati, sasa nina kibanda. Nikiingia jikoni kwa mtu, mama mwenye nyumba ananiachia mlango bila wasiwasi, na hiyo imenipa wateja wengi. Mtaji wa vifaa ndio mgumu. Sisi tulijiunga kikundi tukaomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, fungu la wanawake. Vijana nao wana lao.

Mtumishi_Kikuyu
Kuhusu ajira: usimpuuze mzee wako. Treni ya umeme imefika Dodoma 2024, mitambo hiyo inahitaji mafundi. Ila matangazo mengi hudai cheti cha kidato cha nne pamoja na ngazi ya VETA. Tuma maombi ukiwa kazini. Kutuma hakukuzuii kushika bisibisi.

Kijana_Mpwapwa
Asanteni sana. Nimeongea na binamu: mhuri ni wa kuazima. Baba amekubali kwenda nami Kibaigwa Jumamosi tukaandikishane na mzee, na maombi nitatuma nikiwa kule. Je, ninunue megha, ya kupima kama koili inavujisha umeme, au klampu mita, ya kupima mkondo kwa kubana waya?

Koili_Kibaigwa
Karakana nyingi zina megha. Nunua maikromita na klampu mita, inayobaki weka akiba. Mkitoka Mpwapwa shukeni Mbande, mpande gari la kuelekea Morogoro. Na ubebe daftari gumu, kila mota utakayofungua uiandike humo.