Mnachagua vipi farasi wa kubeti? Na huyu mtangazaji ana shida gani na farasi wangu?

mtoto_wa_kisenyi:
Wadau habari za jioni. Mimi niko Kampala, nauza spea za boda huku Kisenyi, na nikifunga duka huwa napita nyumba moja ya kubeti iko mlango wa pili kutoka kwetu. Miaka yote mimi ni mtu wa mpira tu, lakini tangu ligi isimame nimeanza kuangalia farasi, maana pale wana skrini mbili, moja ni ya farasi wa kompyuta wale wanakimbia kila baada ya dakika chache, ingine inaonyesha farasi wa ukweli wa Uingereza na Ireland na siku zingine Afrika Kusini.

Sasa nina shida mbili. Ya kwanza sijui nachagua nini. Nachagua jina. Juzi kulikua na farasi jina lake linafanana na la bibi yangu mzaa mama nikaweka elfu kumi nikasema hii ni baraka, akaingia wa mwisho, tena wa mwisho kwa mbali, wenzake walikua wameshaanza kuvuliwa matandiko. Siku ingine nachagua rangi ya jezi ya yule anaempanda. Nimeliwa mpaka naona aibu kuhesabu.

Ya pili ni mtangazaji. Jamani yule mtu! Jumamosi mbio za maili 2 za kuruka viunzi, farasi 11, mimi nina namba 4. Kutoka mwanzo mpaka wanakata kona ya mwisho hajamtaja farasi wangu HATA MARA MOJA. Nikajua ameanguka huko nyuma. Nikatoka nje kuagiza rolex (chapati ya kukunjwa na mayai), hata yai halijageuzwa nasikia makelele ndani, kurudi naambiwa namba 4 kaingia wa pili, kapitwa kwa pua. Na siku zingine ni kinyume, anapiga kelele kama nyumba inaungua, eti anakuja anakuja anakuja, mimi niko juu ya benchi, farasi wangu anaingia wa tano. Sasa nani alikua anakuja?

Naomba msaada kwa wanaojua hii kitu.

shemeji_wa_bukoto:
Bibi yako alikua anakimbia maili ngapi kwani 😂😂 samahani ndugu, sina msaada, nimepita tu kucheka.

dada_wa_dirishani:
Mimi nimekaa dirishani miaka mitatu nikikata tiketi, nyumba ya kubeti huku Jinja, sitaitaja. Nianze na ile skrini ya kwanza kwa sababu hapo ndipo watu wanaliwa bila kujua. Kaka, farasi wa kompyuta si farasi. Hana mguu, hana mkufunzi, hajala majani. Mashine inatoa namba kwa bahati, halafu ndio picha inafuata, yani wewe ukiwa umesimama unamsukuma kwa mdomo "genda genda", yani nenda nenda, yeye ameshashindwa zamani. Kwa hiyo hakuna cha kusoma pale. Kulikua na mzee mmoja alikua anakuja na daftari la mistari, anaandika kila mshindi tangu asubuhi, namba 3, namba 6, namba 3, namba 1, eti namba 5 haijatoka kitambo sasa zamu yake imefika. Mashine haina zamu mzee wangu. Nilimwambia mara mbili akaona nataka kumfukuzia bahati, nikanyamaza.

Na fanya hesabu hii mwenyewe siku moja. Mbio ya farasi sita, odi (yani dau lako linarudi mara ngapi ukishinda) ni 3, 4, 5, 6, 8 na 10. Gawanya moja kwa kila odi, jumlisha zote. Inakuja kama 1.175. Maana yake ukitaka kuwashika wote sita ili urudishiwe laki moja kamili, utatoa 117,500. Hiyo elfu kumi na saba na nusu ndio mshahara wangu, kodi ya chumba na ile feni mnayokaa chini yake. Kwa mbio za kila dakika chache, siku nzima, hebu fikiria.

Mtangazaji wa kompyuta pia ni vipande vya sauti vimeunganishwa. Mimi nilikua nayasikia mpaka usingizini. Mume wangu anasema nilikua naota nikisema farasi wanaingia langoni.

saisi_wa_ngong:
Vijana salamu. Mimi sasa niko Malaba upande wa Uganda kwa mambo ya mazao, ila ujana wangu nilikua saisi kule Ngong Nairobi, kwenye uwanja wa Jockey Club of Kenya. Kwa wasiojua, saisi ni yule anaelala karibu na farasi, anamlisha, anampiga brashi, na siku ya mbio anamwongoza kwa kamba kuzunguka pale watu wanapotazama kabla ya kwenda kubeti. Kwetu ilikua Jumapili.

Nataka nikwambie kitu mtoto wa Kisenyi. Ukizunguka na kamba unasikia kila kitu watu wanasema kwenye ua. Mama anasema huyu mweupe mzuri, mtoto anasema yule wa jezi ya njano, basi pesa imeenda. Na mimi niliyeshika kamba najua huyu mweupe leo hana kitu, tangu alfajiri ameacha nusu ya shayiri kwenye ndoo. Farasi asiyemaliza chakula siku ya mbio, mimi siwezi kumwekea hata mia.

Wewe huoni ndoo, lakini skrini ikionyesha wanapozunguka kabla ya mbio acha kupiga stori na utazame. Angalia shingo na katikati ya miguu ya nyuma. Kama jasho limeshakua povu jeupe kabla hajakimbia, na si siku ya joto, huyo ameshatumia nguvu yake kwa woga. Angalia anavyotembea, mguu wa nyuma ukanyage kupita alama ya mguu wa mbele, mwendo mrefu wa kulegea. Masikio yakitazama mbele na yanacheza cheza ni mzuri, yakilala nyuma muda wote kuna kitu kinamkera. Si dawa ya kushinda kila siku, hata sisi tuliolala nao tulikua tunakosea, ila ni bora kuliko jina la bibi (Mungu amrehemu kama ametangulia).

mtoto_wa_kisenyi:
Bibi yuko hai Masaka anawasalimu 😅 Mzee asante sana, hiyo ya povu sikua najua kabisa, mimi nilidhani farasi akitoka jasho ndio amepasha misuli kama mchezaji wa mpira. Na zile namba na herufi zinaandikwa pembeni ya jina, mfano 31F-20P, zinasema nini?

hesabu_tu:
Hizo ndio CV yake. Soma kutoka kushoto kwenda kulia, ya mwisho kulia ndio mbio ya karibuni kabisa. 3 aliingia wa tatu, 1 alishinda, F alianguka, hako kastari kanatenganisha msimu na msimu, 2 wa pili, 0 ni wa kumi au nyuma zaidi, P joki, yani mpandaji, alimsimamisha njiani hakumaliza. Ukiona U ni joki ndio kadondoka, farasi mwenyewe mzima. Sasa huyo wa kwako mbio mbili za mwisho ni 0 na P, mimi hapo siweki pesa ya mtoto.

Ila usisome namba peke yake. Wa tatu kwenye mbio kubwa anaweza kua bora kuliko mshindi wa mbio ndogo za Jumanne mchana. Angalia na umbali, kuna wa maili 1 na wa maili 3, usimpeleke mtu wa mita mia kwenye marathoni. Angalia hali ya uwanja, wako wanaopenda pakavu na wako wanaopenda tope, mvua ikinyesha kule asubuhi kila kitu kinageuka. Wakiandika C pembeni ya jina ujue ameshashinda kwenye uwanja huohuo, D ameshinda umbali huohuo. Na kwenye handikapu farasi mzuri anabebeshwa uzito zaidi ili wote wawe sawa, kwa hiyo yule mkali wa wiki jana leo ana kilo kadhaa za ziada mgongoni.

Faivoriti, yani yule mwenye odi ndogo kuliko wote, anashinda karibu mbio moja katika kila tatu. Kwa hiyo kumfuata yeye kila siku hakukutoi, na kumkwepa kila siku pia hakukutoi.

Halafu ile ya namba 4 wako kuingia wa pili ukatoka mikono mitupu, hiyo ni kosa lako si la mtangazaji. Ungeweka dau mara mbili, nusu ashinde nusu aingie nafasi. Mbio zikiwa na farasi 8 kwenda juu kwa kawaida wanalipa mpaka wa tatu, na ile nusu ya nafasi wanakupa moja ya tano ya odi, kwenye handikapu za farasi 16 na zaidi wanalipa mpaka wa nne kwa robo. Wakiwa 5 mpaka 7 ni wawili tu, chini ya hapo hakuna nafasi kabisa. Uliza dirishani kabla hujalipa maana kila nyumba ina masharti yake.

dada_wa_dirishani:
Hapo kwenye masharti nimwongezee. Farasi akitolewa dakika za mwisho na ulikua umeshakata tiketi kwa odi ya mapema, malipo yako yanapunguzwa, kwa sababu mbio imekua rahisi. Hii kitu imenifanya nitukanwe mpaka na mtu mwenye kanzu. Anakuja na hesabu yake ya laki mbili mimi nampa laki na sitini, anagonga kioo, anasema nimemla. Sijamla mtu! Imeandikwa nyuma ya tiketi kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi.

Na kama kuna mtu hapa hajafikisha miaka 25, sheria ya Uganda haikuruhusu kubeti, usimsumbue dada wa watu dirishani na kitambulisho cha kaka yako.

wa_arua_original:
Mmeongea mambo ya maana yote lakini MTANGAZAJI mmemwacha, mimi nimekuja kwa ajili yake. Yule anaenikera mimi ni wa kuongea kuhusu mwenye farasi. Farasi wameshatoka, yeye anatueleza mkufunzi alianza kazi lini, mke wake anafuga nini, hali ya hewa ya wiki jana, sisi tunataka kujua NANI YUKO MBELE. Kuna mwingine anamtaja faivoriti tu, faivoriti yuko wa sita anatajwa, faivoriti amepiga chafya anatajwa, wanne walio mbele ni kama wanakimbia harusini kwao. Na siku moja kataja mshindi akakosea kabisa, nusu ya nyumba ilishangilia, tumekumbatiana, halafu picha ya mstarini inakuja si yeye. Nilikua nimeshaagiza soda za watu wanne.

saisi_wa_ngong:
Wa Arua nakuelewa, lakini mimi nitamtetea kidogo. Yule bwana hasomi namba kama unavyodhani. Anakaa juu na darubini anatambua jezi, rangi zote amezikariri muda mfupi kabla ya mbio, na baada ya hapo azisahau akariri zingine. Mwenye mali mmoja akiwa na farasi watatu jezi ni moja, tofauti ni kofia tu. Sasa mvua inyeshe, tope liruke, kofia zote ziwe rangi ya matofali, wewe ungemtaja nani?

Nenda kasome habari ya Grand National ya 1967, zile mbio kubwa za kuruka viunzi za Uingereza, kule uwanja wa Aintree. Farasi asiye na mpandaji akawakatiza wenzake kwenye kiunzi cha 23, wakarundikana karibu wote, na Foinavon aliyekua nyuma kabisa, odi 100 kwa 1, akapata upenyo akaruka akaenda zake na kushinda. Mtangazaji aliyekua zamu pale, Michael O'Hehir, alimtambua palepale katikati ya vurugu lile. Hao ndio watangazaji. Na Peter O'Sullevan wa BBC, aliyetangaza Grand National hamsini mpaka alipostaafu 1997, mwaka 1974 alitangaza farasi wake mwenyewe, Attivo, akishinda pale uwanja wa Cheltenham, na sauti yake haikupanda kama ya mtu mwenye mali.

wa_arua_original:
Mzee hao umetaja ni wa zamani, mimi nazungumzia huyu wa Alhamisi.

mtoto_wa_kisenyi:
Narudisha ripoti. Jana nimefanya kama mlivyosema. Mbio ya saa kumi na moja na nusu, farasi 10, nikawatazama wanapozunguka, faivoriti ana povu shingoni kama ametoka kuoshwa na omo, nikamwacha. Nikachukua mmoja mwenye 4-232, odi 13, elfu tano ashinde na elfu tano aingie nafasi. Na nikamwomba dada wa pale azime sauti ili mtangazaji asinichanganye kichwa.

Akazima. Sekunde kama ishirini hivi watu wakageuka wananitazama, mzee mmoja akauliza nani amekufa. Tunaangalia farasi wanakimbia kimya kimya kama samaki, hakuna anayejua nani ni nani, jezi zote kwa ile skrini ndogo ni sawa. Wakaanza kunifokea. Ikabidi dada arudishe sauti, na neno la kwanza tulilosikia ni jina la farasi wangu, naapa, kataja mara tatu mfululizo.

Akaingia wa tatu. Wamenilipa elfu kumi na saba. Faivoriti mwenye povu lake ndio ameshinda 🙄

saisi_wa_ngong:
Kule kulikua na joto?

mtoto_wa_kisenyi:
Mzee sikuangalia.