MREJESHO: Zile picha zangu za ngalawa alfajiri, ufukwe wa Msimbati, Mtwara

Wadau, mimi ndiye niliyeuliza kwa nini nikipiga ngalawa jua likichomoza, simu inanipa anga jeupe kama shuka. Mlijibu mengi. Lililonisaidia ni lile la kushikilia kidole kwenye kioo cha simu, pale penye mwanga mkali, halafu kuburuta kale ka alama ka jua kanakotokea pembeni kushuka chini. Anga likarudisha rangi, wavuvi wakabaki vivuli vyeusi. Kumbe ndicho nilichokuwa nakitaka!

Siku ya kwanza niliharibu. Maji yamejaa, mwambani hakuna mtu. Mzee mmoja akanicheka: "Mjukuu wangu, bahari haifuati saa yako." Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi nikahesabu, nikarudi siku yalipotoka asubuhi. Nikapiga magoti, simu ikakaribia kugusa mchanga uliolowa, ndipo ngalawa ikapata pacha wake kichwa chini. Suruali ililoa chapachapa. Lenzi nayo iliingia ukungu wa chumvi, nikaifuta kwa pindo la shati.

Ila picha ninayoipenda zaidi haina hata jua. Ni mama mmoja aliyekuwa akichokonoa pweza. Nilimwomba kwanza, akasema, "Piga mikono tu mwanangu, sura niachie." Basi ni mikono, na mnyiri mmoja wa pweza umemzonga kifundo cha mkono.

Yule kaka aliyesema ninunue kamera kwanza: hela yenyewe imeishia kwenye bodaboda za kwenda Msimbati.