MJADALA: Binti wa familia ya rali akikataa usukani, fungu lake liko wapi?

Wakuu, salaam. Naleta hili hapa kwa sababu nyumbani kwa wenyewe limeshindikana.

Kuna familia naifahamu vizuri hapa Mwanza, upande wa Nyakato. Baba aliendesha rali, baba mdogo akaendesha, sasa wanaendesha kaka wawili. Katika nyumba hiyo yupo binti mmoja, ndiye kitinda mimba. Amekulia gerejini, na kwa ufundi anawazidi kaka zake wote wawili. Hilo hata wao hawalipingi, maana gari likianza kukohoa usiku wa kuamkia mashindano wanamwita yeye.

Sasa ukoo umeamua msimu ujao na yeye apande gari. Baba anasema wadhamini wanamtaka dereva mwanamke, na jina la familia litapanda. Binti kasema hapana. Anataka kufungua karakana ya injini za boti kule Mwaloni Kirumba. Baba akamjibu mbele ya shangazi zake: hela ya gari ipo, hela ya boti haipo.

Naomba tujadili: mtoto wa kike aliyezaliwa kwenye familia ya mchezo huu akichagua njia yake, familia inawajibika kumgharamia kama inavyowagharamia kaka zake? Au akikataa usukani amekataa na fungu?

Msimamo wangu nauweka wazi. Apewe, na apewe sawa na wao.

Watu wengi wakisikia "injini za boti" wanadhani ni kazi ya kujishikiza. Waende Mwaloni asubuhi wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo na boti za dagaa zinatoka kila usiku. Mwezi ukijaa wavuvi wanapumzika, kwa hiyo injini ikifa wakati wa giza mwenye boti anahesabu hasara ya kila usiku, na vijana wake wanakaa bila posho. Nilikuwepo siku boti moja ilipoletwa kwa kuvutwa na nyingine. Mashine inawaka, ikipata moto inazima. Fundi wa pale alishashika spana anataka kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Binti akaomba kwanza iwekwe kwenye pipa la maji na iwashwe. Akasimama anaangalia kitu kimoja tu: ule mchirizi wa maji unaotakiwa kuruka pembeni injini ikiwaka. Haukutoka. Akazima, akafungua mguu wa chini karibu na pangaboi, akatoa kile kipira chenye mapezi kinachovuta maji ya ziwa kupooza mashine. Mapezi mawili yamekatika, mengine yamejikunja kwa kusagwa na mchanga. Akamwekea mwenye boti kiganjani aone mwenyewe. Silinda hedi haikuguswa.

Nilipomuuliza kajuaje, akaniambia kwenye rali ukipuuza mshale wa joto umepoteza injini, kwa hiyo yeye popote pale anaanza na maji. Yaani elimu ya nyumbani kwao hajaitupa. Kaipeleka ziwani.

Karibuni.

Mzazi, Igoma: Mleta mada, mimi nina mabinti na nina hasira na hoja yako. Umezungumza kama vile gari la rali ni zawadi. Gari la rali ni mradi wa familia. Matairi, mafuta, vipuri, mafundi, kulala Arusha au Iringa wiki nzima, vyote vinalipwa na ukoo mzima kwa matumaini kwamba jina litaleta wadhamini. Huyo binti anapewa nafasi ambayo maelfu ya wasichana hawataiona, anaikataa, halafu anataka hela ileile apeleke kwingine? Mwanangu akikataa shule niliyomlipia, siwi na deni naye.

Mpenzi wa rali: Naunga mkono mzee wa Igoma, ila kwa sababu nyingine. Wanawake kwenye usukani ni wachache mno. Orie Rogo Manduli wa Kenya aliingia Safari, ile rali kubwa ya Kenya, mwaka 1974 na mpaka leo jina lake linatajwa. Susan Muwonge akawa bingwa wa taifa wa Uganda mwaka 2011, akiwashinda wanaume, hapo ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2022 Maxine Wahome, ambaye naye baba yake ni dereva wa rali, akashinda daraja la WRC3, moja ya madaraja ya chini ya rali ya dunia, kwenye Safari kule Naivasha. Sisi upande wa Mwanza tuna nani? Binti mwenye gari, mafundi na ukoo nyuma yake akikaa pembeni, mlango huo utafunguliwa na nani? Kuna wakati mtu anabeba na wenzake.

Mama wa biashara, Kirumba: Mimi nina boti mbili. Mafundi wa pale wanakufungulia injini nzima kwa ugonjwa wa kipira, mwisho unarudishiwa na boliti zimebaki mkononi. Akija mtu anayepima kabla ya kufungua nitampa kazi kesho. Haya ya rali siyajui.

Mleta mada: Mama, ahsante. Ndiyo maana nasema soko lipo.

Mzee wangu wa Igoma, shikamoo. Nakubali kwamba rali ni mradi wa ukoo. Lakini tuulize, mradi huo umejengwa na jasho la nani? Huyu binti toka yuko sekondari analala chini ya gari za kaka zake. Ameunga geabox, amebadilisha sokomzoba zilizovunjika, na hajawahi kuandikiwa mshahara kwa sababu "ni kazi ya nyumbani". Mfano wako wa shule haumfai. Yeye si mwanafunzi aliyekataa kusoma, ni mfanyakazi wa miaka mingi anayeomba mtaji. Angekuwa fundi wa kuajiriwa tungeziita stahiki zake.

Ndugu mpenzi wa rali, hoja yako ndiyo nzito zaidi humu na sitaki kuipita juu juu. Majina uliyotaja nayaheshimu sana. Sasa tazama familia moja ya Uingereza, ya akina Moss. Baba, Alfred, alishiriki mbio za magari za Indianapolis, Marekani, mwaka 1924. Mama naye alishindana na magari. Kaka, Stirling, akawa mmoja wa madereva wakubwa wa Formula 1. Binti, Pat, alianza na farasi wa kuruka vikwazo. Alipoingia kwenye magari hakwenda kwenye viwanja alikotamba kaka yake. Akaenda kwenye rali. Mwaka 1960 alishinda Liège–Rome–Liège, rali ndefu ya Ulaya, na msoma ramani wake (anayekaa kando ya dereva akimsomea njia) Ann Wisdom, wanawake wawili kwenye gari moja, juu ya madereva wote wanaume. Mwaka 1962 alikuja huku kwetu, kwenye Safari ya Afrika Mashariki, akashika nafasi ya tatu na Saab. Kisha akaolewa na Erik Carlsson, dereva mwingine wa rali, na binti yao akachagua farasi. Ukoo huo haukufa jina kwa sababu mtoto kaacha usukani.

Na Michèle Mouton wa Ufaransa, aliyeshinda rali ya Sanremo, Italia, mwaka 1981 na mwaka uliofuata akawa wa pili duniani? Alianza kwa kusoma ramani. Baba yake ndiye aliyemwambia nitakununulia gari na kukulipia msimu mmoja, uonyeshe unachoweza. Baba alitoa hela kwa mtoto aliyekwisha kuwa ndani ya mchezo na anautaka. Mzee wetu wa Nyakato anataka kutoa hela ileile kwa mtoto aliyesema hapana. Dereva asiyetaka kuwepo kwenye barabara ya vumbi, kona haioni, yuko zaidi ya kilomita 150 kwa saa, ni hatari kwake na kwa watoto waliosimama ukingoni. Kama tunataka wanawake zaidi kwenye rali, wapo wasichana wanaoendesha bodaboda na malori hapa Mwanza wanaoitamani nafasi hiyo. Familia iwafungulie hao gari.

Dereva wa zamani: Naona njia ya kati. Asiendeshe, awe msoma ramani wa kaka yake. Watu hawajui kazi ile. Unapita njia kabla ya mashindano taratibu, unaandika kila kona, ukali wake, umbali mpaka inayofuata, wapi pana jiwe. Siku ya siku unamsomea dereva huku umerushwa huku na kule, na kadi ya muda iko mikononi mwako. Ukichelewa kituo dakika moja unaongezewa sekunde 10, ukiwahi dakika moja unaongezewa dakika nzima. Isabelle Galmiche alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwaka 2022 alishinda rali ya Monte Carlo akimsomea dereva Sébastien Loeb. Ukoo utapata mwanamke garini, yeye hatashika usukani. Kila mtu kapata.

Mleta mada: Mkuu, umeieleza vizuri kazi ile, na mimi naona kiti cha kushoto au kulia, heshima ni moja. Ila kila mtu kapata isipokuwa yeye. Wikiendi za mashindano na wiki za kupita njia ndizo hizohizo boti zinahitaji fundi. Na angalia tulivyofanya: kaka zake tuliwauliza wanataka nini, yeye tunamtafutia kiti.

Mzazi, Igoma: Marahaba mwanangu. Hilo la kazi bila mshahara limenigusa, sikulifikiria. Basi mimi napendekeza hivi: baba ampe hela kama mkopo. Waandikishane, mashahidi wawepo, arudishe kidogo kidogo kutokana na boti. Akishindwa, arudi gerejini.

Mleta mada: Mzee wangu, hapo umesogea hatua kubwa na nakushukuru. Maandishi na mashahidi nakubali, hata vipindi vya kurejesha nakubali. Lakini kaka mkubwa alipinduka msimu uliopita, gari likaandikwa chuma chakavu, na jipya likanunuliwa bila karatasi yoyote. Hakuambiwa arudishe shilingi, wala hakuambiwa akishindwa arudi gerejini. Kwa nini cha mtoto wa kiume kiwe mtaji na cha wa kike kiwe mkopo? Kama ni mkopo, wakae watoto wote watatu mezani na kila mmoja aandikiwe wake, magari yakiwemo. Mzee, wewe ni rika la baba yake na anakusikiliza mtu wa umri wako kuliko mimi. Ungekuwa tayari kwenda naye kuliongea hilo, mimi nitakupeleka.