Mrejesho: filamu ya bwana aliyemwoa mwanamke yule yule bila kumtambua

Ndugu zangu, niliuliza jina la filamu ya zamani ya Hollywood ambamo mwanamume anamwoa mwanamke ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumwacha, akidhani ni mwingine. Mlionielekeza kwenye The Lady Eve ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Preston Sturges, nawashukuru kwa dhati; nimeitazama yote.

Lililonivutia zaidi ni kwamba Jean, tapeli wa karata anayeigizwa na Barbara Stanwyck, habadili nywele wala sura, bali jina na lafudhi tu, na bado Charles (Henry Fonda), mwana wa tajiri wa bia, anashawishika kuwa watu wanaofanana kiasi kile hawawezi kuwa mtu mmoja, maana mwenye nia ya kujificha angalau angepaka nywele rangi. Mtumishi wake anashikilia kuwa ni yule yule, lakini hasikilizwi.

Kisasi cha Jean kwa kuachwa na Charles kinatimia ndani ya treni, usiku wa fungate: bibi harusi anawataja wapenzi wake wa zamani mmoja baada ya mwingine, hadi bwana anashuka akiwa na nguo za kulalia na kuteleza matopeni. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote, kwa sababu Stanwyck, aliyepata alichokitaka, haonekani kufurahi hata kidogo.