MPITA NJIA?! Mimi niliyelea mtoto miaka saba leo ni MPITA NJIA?

Hina_ya_Bombo (mleta uzi):

Wana jukwaa, naandika mikono ikitetemeka. Meza yangu ya dagaa nimemwachia jirani, maana leo mteja akiniomba nyongeza nitamtupia kopo la kupimia.

Mnamjua. Hakuna asiyemjua. Yule wa stetasi thelathini kabla jogoo hajawika. Yule wa "mwanaume ni uwajibikaji", "baba ni nguzo", "usizae kama huwezi kulea". Huyo huyo. Ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, na nimekuja kusemea huku kwa sababu grupu la familia kanitoa. Yeye ndiye admini.

Leo shule zimefunguliwa. Mtoto wake, aliyeniletea akiwa na miaka mitatu na nguo zimefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, anaanza darasa la nne, bweni. Ada nimelipa mimi. Rimu mbili za karatasi, karatasi za chooni kumi, fagio mbili, sukari, sabuni, na godoro, maana lile la mwaka jana lilirudi limebaki kitambaa. Orodha ya shule siku hizi inaishinda ya mahari! Tukapanda boda, mtoto katikati, mimi nyuma nimelibeba godoro kichwani, upepo ukitaka kunipeleka Luwero. Getini nikamwomba askari atupige picha, mkono wangu uko begani kwa mtoto. Nikaituma kwenye grupu ili mama yetu afurahi.

Dakika ishirini hazijaisha, picha iko TikTok. Kanikata! Kichwa, mtandio, miguu, vyote kwaheri. Mtoto kabaki peke yake getini, na begani kwake vidole vinne vyenye hina, kama vya jini limetoka ukutani. Juu kaandika: "Kila shilingi ni jasho langu. Malezi si mchezo."

Hilo ningelimeza. Tangu utotoni nammezea. Ila mtu mmoja akauliza, "Kaka, hivyo vidole ni vya nani?" Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, akajibu: "Mpita njia."

MPITA NJIA.

Mpita njia gani anajua kwamba mtoto huyu halali taa ikizimwa? Mpita njia gani amekesha naye na malaria, kitambaa cha maji kwenye paji la uso mpaka adhana ya alfajiri? Mwaka 2018, mwaka ule ule aliponiletea mtoto, serikali ya Uganda iliweka kodi ya OTT, yaani kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku ndipo WhatsApp ifunguke. Alilipa! Hakuruka hata siku moja. Nikimwomba za maziwa, "dada, hali ngumu". Januari 2021 Facebook ilipofungwa nchini, saa haikuisha kashapata VPN, programu ya kuingilia mlango wa nyuma. Namba ya mwalimu wa mtoto wake hajaitafuta mpaka leo.

Nikampigia. Unajua kanijibu nini? "Dada, mambo ya nyumbani usiyalete mtandaoni." Yeye! Yeye aliyeonyesha dunia nzima kidonda cha mguu wa baba akiwa hospitali!

Na mama yetu kaweka moyo kwenye ile picha. Moyo mwekundu. Mpita njia.

Boda_Stendi_ya_Zamani: Pole sana dada. Ila tuwekee picha tuvione hivyo vidole.

Arua_Juu: Ngoja kwanza. Si yule mnene wa Premio nyeupe?

Hina_ya_Bombo: Hana gari. Anapiga picha na magari ya watu.

Arua_Juu: Basi wako wawili.

Malaba_Mpakani: Watatu. Wa kwetu yuko hapa kibandani anakula chapati ya mkopo, na sasa hivi kapost "jitume kijana".

Mama_Mapacha_Jinja: Huyo wa Bombo mimi namjua! Sikukuu iliyopita alipiga picha na mbuzi wa jirani, akaandika "wanangu hawatalala njaa". Mbuzi karudishwa kabla ya magharibi.

Kijana_wa_Bando: Shangazi, tuambiane ukweli. Ungeonekana kwenye picha ungeleta huu uzi? Kumbe kinachouma ni laiki.

Hina_ya_Bombo: Wewe kijana, laiki hazinunui godoro. Mtoto atakua, ataikuta ile picha, atasoma kwamba aliyemshika bega ni mpita njia. Hicho ndicho kinachouma. Na nikisema mbele ya watu, mimi ndiye naonekana mbaya.

Kijana_wa_Bando: Sawa shangazi, lakini hina imetoka vizuri.

Mwalimu_Mstaafu: Binti yangu, acha maneno, shika karatasi. Sheria ya Watoto ya nchi hii imeweka wazi kwamba mzazi ana wajibu wa kumtunza mtoto: elimu, chakula, mavazi, malazi, matibabu. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akuandikie barua, upeleke kwa afisa wa probesheni wa wilaya, anayeshughulikia mambo ya watoto, au polisi kwenye kitengo cha familia na watoto. Beba risiti.

Hina_ya_Bombo: Shikamoo mwalimu. Risiti ninazo zote tangu 2018, ziko kwenye kopo la maziwa. Ila shilingi yake siitaki. Nataka lile neno alifute, na alikane mbele ya grupu zima kama alivyolisema mbele ya dunia.

Mkwe_Mchovu: Dada, afadhali wewe umekatwa kwenye picha. Mimi shemeji yangu kaniingiza grupu la kikao cha harusi bila kuniuliza. Kila saa mbili usiku anabandika orodha ya walioahidi na hawajatoa. Namba moja mimi. Laki mbili! Ahadi yenyewe aliitoa yeye kwa jina langu!

Mama_Mapacha_Jinja: Usinikumbushe. Niko kwenye magrupu sita ya harusi, bibi harusi wawili siwajui hata kwa sura.

Boda_Stendi_ya_Zamani: Kuna moja ndoa ilivunjika tangu mwaka jana, mpaka leo mweka hazina anadai.

Malaba_Mpakani: Mweka hazina ndiye harusi yenyewe.

Kijana_wa_Bando: Na bando likiisha anakuambia ulikuwa unamkwepa. Data ina kodi ya asilimia 12, nitazame saa ngapi orodha zenu?

Mwalimu_Mstaafu: Jamani, turudi kwenye suala la mtoto.

Arua_Juu: Mwalimu, suala la mtoto linaanzia harusini. Mimi nilitoa laki nzima, nikapewa nyama ukubwa wa sim kadi. Waliokuja mikono mitupu walikaa karibu na sufuria.

Mkwe_Mchovu: Sim kadi ya kawaida au ile ndogo?

Arua_Juu: Ile ndogo.

Hina_ya_Bombo: Kabadilisha! Nimeingia sasa hivi kwa simu ya jirani. "Mpita njia" kafuta, kaandika "jirani". JIRANI! Tumbo moja, ziwa moja, nimekuwa jirani!

Mama_Mapacha_Jinja: Arua_Juu, hiyo harusi si ile ya Jumamosi pale Wobulenzi? Mimi hata mchuzi sikuuona.

Arua_Juu: Hiyo hiyo! Nani alikuwa anagawa?