Ushauri: Napimaje faida ya mradi wa soko kama kabla ya ujenzi hakuna aliyepima kitu?

Mkazi wa Mabatini: Wakuu, heshima kwenu. Nina kibarua cha kuandika ripoti ya matokeo ya mradi hapa Mwanza. Soko limejengwa upya, na mfereji wake unaoingia Mto Mirongo umejengewa zege. Wanataka kujua kipato cha wafanyabiashara na hali ya maji yanayokwenda ziwani, ila takwimu za zamani hakuna. Ripoti ni Ijumaa, usingizi sipati.

Mzee wa Mwaloni: Anza na maji. Chota sampuli kwenye mfereji kabla haujafika sokoni na baada ya kulipita soko, siku hiyohiyo, maabara wapime vijidudu vya kinyesi. Ila ukipima kiangazi peke yake utadanganyika. Mvua za vuli ndizo zinazoshusha uchafu wa milimani. Sisi wavuvi tunauona ukifika.

Dada Nyakahoja: Mdogo wangu, umehoji akina nani?

Mkazi wa Mabatini: Wafanyabiashara 80.

Dada Nyakahoja: Umewapataje?

Mkazi wa Mabatini: Orodha nilipewa na ofisi ya mradi. Wote wana vizimba. Waliokuwa wanapanga chini waliondolewa, wengi hawakurudi. Nitawatafuta wapi? Wengine wako Buhongwa, wengine vijijini, na nauli natoa mfukoni. Isitoshe majedwali nimeshatuma na yamepokelewa vizuri.

Kadala: Weka picha ya bati jipya ukurasa wa kwanza, wakubwa hawafiki wa pili 😂

Binti Igoma: Mama yangu alikuwa anauza mihogo ya kukaanga stendi. Walipomhamisha, mauzo hayakushuka, ila daladala mbili kwenda na mbili kurudi zikamaliza faida. Ukimuuliza "unauza kiasi gani kwa siku" utaandika hana shida. Uliza kinachobaki jioni.

Kisiki: Hii chai. Mara soko, mara mfereji, mara Buhongwa. Soko gani? Mkandarasi nani? Huyu ni mwanachuo anatafuta wa kumwandikia tasnifu.

Mkazi wa Mabatini: Nimesaini mkataba, siwezi kulitaja. Nikifukuzwa utanilipia kodi?

Kisiki: Kila mwenye chai ana mkataba.

Mzee wa Mwaloni: Awe mwanachuo au nani, waliofukuzwa hawamo kwenye hesabu. Kama fedha ni za Benki ya Dunia, kanuni zao zilizoanza 2018 zinamtambua hata asiye na hati ya ardhi kuwa mwathirika wa mradi anapoondolewa.

Dada Nyakahoja: Na majina yapo. Uliza kama waliochukua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa 2018, waliandikishwa. Kuna daftari za ushuru na za vikoba. Halafu kila mwenye kizimba muulize: zamani jirani yako alikuwa nani, na namba yake unayo? Usipowapata wote, andika mwanzoni kabisa kwamba hao 80 ni waliobaki. Usiifiche kwenye viambatisho.

Mkazi wa Mabatini: Nikiandika hivyo malipo ya mwisho watayashikilia.

Dada Nyakahoja: Huenda. Lakini jina chini ya ripoti ni lako, na mama lishe aliyeondolewa atahesabiwa kama aliyenufaika.

Mkazi wa Mabatini: Sawa dada. Daftari za ushuru anakaa nazo nani, katibu wa soko au jiji?

Dada Nyakahoja: Anza na katibu. Nenda kesho alfajiri, wateja wakishajaa hatakusikiliza.