Zawadi 24 za karatasi kati ya magharibi na isha: kijisanduku, kijitabu au alama ya kitabu?

Mama wa Langoni
Assalaam aleikum jamani. Kesho asubuhi watoto wetu wa madrasa hapa Lamu wanamaliza juzuu. Wako 24, na nimeahidi kila mmoja ataondoka na kitu cha mkono. Nafasi yangu ni leo kati ya magharibi na isha, saa moja na kidogo. Ninazo karatasi 20 za A4 za rangi, mkasi na gundi. Nimefikiria kijisanduku cha kutia kashata, kijitabu kidogo, au alama ya kitabu ya kuvika kwenye pembe ya ukurasa. Aliyewahi kufanya vingi kwa mpigo anishauri.

Bi Mkomani
Waaleikum salaam mwanangu. Kijisanduku nakipenda kuliko vyote, lakini kwa usiku mmoja kitakuchosha. A4 ukiikata mraba wa sentimita 21, sanduku linatoka na upana wa sentimita 7 na kitu, kimo chake nusu ya hapo, na gundi huhitaji. Ila mikunjo ni mingi, na ule wa kwanza wa katikati ukienda kombo, sanduku zima linakaa upande. Mimi niliyezoea huchukua dakika tano. Tano mara 24 ni saa mbili, na kifuniko bado! Tena karatasi zako hazitoshi. Siku ukiyafanya, tia kashata kavu. Halua ina mafuta, yatapenya hadi nje.

Kijana wa Shela
Mimi nasema kijitabu. Kunja A4 nusu mara tatu upate vyumba vinane, uifungue. Ikunje tena nusu, upande mfupi kwa upande mfupi, ukate mstari wa kati kuanzia kwenye mkunjo mpaka unapokutana na mkunjo mwingine, usipite hapo. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane. Kurasa nane kwa mkato mmoja, bila uzi. Dakika tatu kila kimoja.

Mama wa Langoni
Dakika tatu kwa 24 ni 72. Napumua kwa shida hapo. Na karatasi ninazo 20.

Mwalimu wa Malindi
Basi alama ya kitabu, dada, na kwa watoto waliomaliza juzuu ndiyo inayofaa hasa, maana wataitumia kesho yake. A4 ikatwe katikati, kila nusu inatoa mraba wa karibu sentimita 15, kwa hiyo karatasi 12 zinatosha watoto wote. Kunja pembe kwa pembe upate pembetatu, lile tako refu likiwa chini. Zipandishe ncha mbili za chini hadi kileleni, kisha uzirudishe. Teremsha tabaka moja tu la kilele hadi chini; hapo unapata mfuko. Zile ncha mbili zipandishe tena uzichomeke ndani yake. Basi. Mgongo wa kijiko ukipita juu ya kila mkunjo, alama inalala bapa na haivimbishi kitabu.

Ombi moja: andika jina la mtoto, usiandike aya. Kikaratasi cha mtoto huanguka njiani kikakanyagwa, na aya haifai kufikwa na hayo.

Bi Mkomani
Maalim kasema kweli. Na gundi iache kabatini. Majira haya ya mvua haikauki upesi. Mwaka jana nilibandika kadi za Idi usiku, nikazipanga moja juu ya nyingine. Asubuhi zimeshikana, na sita zikachanika nilipozibandua. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimezikata nakshi kwa wembe, maua kama ya milango yetu.

Kijana wa Shela
Nakubali kwa leo. Kijitabu kiwekeni siku ambayo watoto watakunja wenyewe. Pale kurasa zinapojifungua hupiga makelele ya furaha.

Mama wa Langoni
Nimerudi, isha imeshaadhiniwa. Alama zote 24 tayari, majina yameandikwa. Ya kwanza ilinichukua dakika sita, nilichomeka ncha upande usio wake. Kuanzia ya tano mikono ikazoea, hata dakika mbili hazikufika. Nimezivika zote kwenye daftari moja nene zilale bapa mpaka asubuhi. Karatasi nane zimebaki. Bi Mkomani, Ijumaa nakuja kwako na kashata, unionyeshe ule mkunjo wa kwanza.